Wa Kwanza Kukimbia

Kijijini Kasimbe mtu hakimbii mvua akiwa kwenye uwanja wa mpira. Shambani atakimbia, njiani atakimbia, hata kanisani padri hajamaliza kubariki wapo wanaotoka kinyemela kwenda kuanua ulezi. Lakini ndani ya ule uwanja, wingu likitanda na ngurumo ikianza, wachezaji husimama walipo mpaka refa apulize. Radi ya Ufipa, wanasema, hutumwa ikiwa na jina. Ina mtu wake inayemtafuta. Akitokea mmoja akatimua mbio wa kwanza, basi huyo amejitaja mwenyewe: jina ni lake, na kosa lake analijua.

Winifrida aliyajua hayo tangu alipoolewa hapo, mwaka wa nne sasa, kwa sababu yeye ndiye aliyefua jezi za Ulezi Stars. Anayefua jezi husikia mengi. Wanaume wakikuona umeinamia beseni, povu mpaka viwikoni, husahau kwamba una masikio.

Hivyo ndivyo alivyoipata historia ya timu, kipande leo, kipande wiki ijayo. Timu ilianza mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji kimoja, vitongoji vitatu visivyosalimiana vikabanwa pamoja. Vijana walikuwa wakitwangana fimbo kisimani. Katekista akatoa debe mbili za ulezi kwenye kihenge chake, akazipeleka Sumbawanga, akarudi na mpira. Pigeni huu, akawaambia. Jina la timu likatokea hapo. Wakapiga mpira, wakazipiga na timu zote za jirani, isipokuwa Ntanga, kijiji cha ng'ambo ya mto, ambao walikuwa wakitoka nao sare mpaka watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi.

Halafu ukaja mwaka tisini na nane. Picha ya mwaka huo ilikuwa imening'inia sebuleni kwa mwenyekiti wa timu, Mzee Zenon. Wanaume kumi na mmoja, mikono vifuani. Watatu kati yao wamechorewa msalaba mdogo wa kalamu ya wino: kipa na mabeki wawili. Radi iliwakuta pamoja golini, Ntanga wakijiandaa kupiga kona.

Mwaka huo timu ilikuwa imepata magoli ya chuma kwa mara ya kwanza, mabomba ya mradi wa maji uliokufa. Baada ya msiba yaling'olewa, ikarudishwa miti ya mikaratusi. Mabomba yakatupwa nyuma ya nyumba ya Mzee Zenon, kuku wakayalalia, na Winifrida akaja kuyakuta hapo, akawa anayaanikia jezi.

Sasa wiki ya fainali ya kombe la kata, dhidi ya Ntanga, akafika na beseni lake, akakuta mabomba hayapo. Yalikuwa mbele ya nyumba, juu ya magogo, yakipakwa rangi nyeupe.

"Utaanika kwenye uzio, mama," Mzee Zenon alimwambia, brashi mkononi. "Wageni wamelalamika mtambaa wa panya wetu umepinda kama mgongo wa mbuzi. Safari hii watakuta chuma."

"Lakini mwenyekiti, si ndiyo yale ya mwaka ule?"

"Bomba lina kosa gani? Aliyetuma ile radi alishakufa. Fua jezi."

Alifua. Lakini jioni, jezi zikiwa bado mbichi begani, alipitia kwa Bibi Angela, mjane wa yule kipa aliyekufa, Benjamini. Alimkuta akipepeta ulezi. Winifrida akachuchumaa, akapiga makofi mawili ya salamu kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni kweli wanayapaka rangi?"

"Kweli, bibi. Nyeupe."

Ungo ukasimama. Bibi akaongea akiutazama.

"Nilikuwepo. Nilikaa upande wa goli ili anione. Wingu lilitokea bondeni, huku Mtowisa, likapanda ukingoni kama moshi wa jiko. Benjamini alishika bomba, makipa ndivyo wanavyoshika kona ikipigwa. Akanitazama. Nikauona mguu wake unataka kuondoka. Mguu, mjukuu wangu, niliuona. Mimi nikamkunjia uso. Nikamkazia macho asije akanitia aibu mbele za watu. Akaurudisha."

"Pole, bibi."

"Radi ilipiga juu ya bomba. Ikashuka nalo kama maji. Haikumtafuta mtu, ilitafuta chuma. Nimeyaona kwa macho haya. Lakini ningemwambia nani? Walikuwa wameshapata mchawi wao, mzee mmoja wa Ntanga. Walimfuata asubuhi, timu nzima, wamevaa jezi. Walimchomea nyumba yeye akiwa ndani."

Akaanza tena kupepeta. Pumba zikaruka, zikamwangukia Winifrida magotini.

Nyumbani alimngoja mumewe amalize kula. Fabiani alikuwa kipa wa Ulezi Stars, mtu mrefu, mpole, anayecheka hata akifungwa.

"Baba Asifiwe, Jumamosi wingu likija, achana na lile bomba. Radi itapiga pale pale."

"Nani kakwambia?"

Bibi alikuwa amemshika mkono mlangoni na kumwomba asimtaje. Winifrida akajibu, "Najua tu."

Fabiani akacheka. "Kwa hiyo nikisikia ngurumo nitoke mbio? Niwaachie Ntanga goli tupu?"

"Ndiyo."

"Halafu tutahamia wapi mimi na wewe na mtoto? Namanyere? Watatufuata na huko. Acha, mke wangu. Mvua yenyewe mpaka sasa inazunguka tu."

Na kweli ilikuwa inazunguka. Fainali ilitakiwa kuchezwa mara baada ya mavuno, ikaahirishwa kwa msiba, ikaahirishwa kwa rufaa, mpaka ikaangukia Novemba, watu wameshatifua mashamba na wanatazama juu kila baada ya sentensi mbili. Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na jua kali la kuuma shingo. Nzi walikuwa wengi kuliko kawaida. Saa nane mchana uwanja ulikuwa umejaa, Kasimbe upande huu, Ntanga upande ule, na magoli meupe yanang'aa juu ya kilima kile kisicho na mti hata mmoja.

Refa alikuwa Sadoki, mwalimu mgeni kutoka Mbeya. Wakati wa mapumziko Winifrida alimfuata na kikombe cha maji.

"Mwalimu, lile wingu."

Sadoki akatazama mashariki. Lilikuwa limeshapanda ukingoni, jeusi, tumbo lake lina rangi ya kidonda.

"Dada, nikiivunja mechi hapa, kijiji gani kitanipa njia ya kurudi? Hiyo ngurumo bado iko bondeni." Akanywa maji, lakini hakuyamaliza.

Kipindi cha pili Kasimbe walipata bao, na watu wakarukaruka mpaka vumbi likawafunika. Vumbi lilipotua, jua halikuwepo. Upepo ukafa. Kuku waliokuwa wakiokota pembeni walikuwa wameondoka, wala hakuna aliyewaona wakiondoka. Mshika kibendera akaonyesha: kona, ya Ntanga, zimebaki dakika tano.

Ngurumo ikapasuka karibu mno, mtoto mmoja akalia. Wachezaji wote wakasimama. Mpigaji wa Ntanga alikuwa ameuweka mpira chini na hakuupiga. Sadoki alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza. Watu mia tatu hivi, na kila mmoja akimtazama mwenzake miguuni.

Winifrida alihisi vinyweleo vya mikononi mwake vikisimama. Fabiani alikuwa ameshika bomba. Akageuka, akamtafuta mkewe kwenye umati, akamwona. Na mguu wake wa kushoto ukasogea kidogo, kisigino kikainuka, kikarudi chini.

Mbele ya umati, Bibi Angela alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Winifrida si mtu wa haraka. Hata maharage huyachagua moja moja. Lakini hapo aliona yote kwa mara moja, kama mtu anayeona sakafu ya kisima maji yakitulia. Akimwita mumewe, hatakuja. Akija, watamfuata asubuhi wamevaa jezi. Wote hawa wangekimbia, wote, wanachongoja ni mtu wa kwanza tu.

Akaiacha kanga yake ianguke, akaingia uwanjani mbio.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Inanitafuta mimi! Jina ni langu! Nikimbieni!"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha beki wa Ntanga aliyekuwa karibu naye akatazama juu, akamtazama yeye, akapiga ukunga kama mwanamke na kutoka nduki. Hapo umati ukaanguka kama ukuta. Wachezaji wa timu zote wakatawanyika, mpira ukabaki peke yake kwenye kona, Sadoki alikimbia na filimbi ikilia mdomoni bila yeye kujua. Winifrida akawa anaelekea golini moja kwa moja. "Toka, Fabiani! Toka!" Na Fabiani akaliachia bomba. Alimtazama mkewe akimjia, mdomo wazi, macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, kisha akageuka akakimbia. Hakuwa analikimbia wingu. Alimkimbia yeye.

Zilibaki hatua kama ishirini kulifikia goli. Akajitupa chini.

Weupe wa radi hakuuona, aliusikia, kama gunia la vyungu lililodondoka juu ya kichwa chake. Alipoinua uso mvua ilikuwa ikimwagika. Goli lilikuwa limesimama, bomba moja jeusi mpaka chini, na nyasi alipokuwa amesimama Fabiani zilikuwa zikifuka moshi ndani ya mvua.

Hakufa mtu.

Hakuna aliyekuja kumnyanyua. Alirudi nyumbani mwenyewe, ameloa, na njia nzima watu waliokuwa wamejikinga barazani walimkwepa kwa macho. Jumapili kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Alipochuchumaa na kupiga makofi ya salamu nje ya kanisa, makofi yake hayakujibiwa. Bibi Angela alisimama katikati ya watu, akasema kwa sauti, "Ni bomba! Mimi niliona, hata ile ya kwanza ilikuwa bomba!" Mzee Zenon akamshika bega kwa upole, akamwambia, "Mama, uzee huo. Nenda ukapumzike." Jioni akatumwa mtu kuchukua jezi, zikiwa chafu hivyo hivyo. Winifrida akaambiwa asizifue tena.

Fabiani alikula, akambeba mtoto, akampeleka kwa mama yake, akarudi bila mtoto. Jumatatu, jua ndiyo linachomoza, alisimama nje ya kizingiti, hakuingia.

"Nimewaambia umeniokoa," alisema.

"Wakasemaje?"

"Wameniuliza swali nikashindwa kulijibu." Akawa anaangalia chini, anachora vumbi kwa kidole cha mguu. "Siku tatu kabla ya mechi uliniambia radi itapiga pale pale, kwenye bomba. Nikakuuliza nani kakwambia, ukasema unajua tu. Winifrida, ulijuaje?"

Akafungua mdomo amjibu, amweleze yote, bibi, ungo, ule mguu wa Benjamini. Lakini nyuma ya bega la mumewe aliona watu wakipanda njia ya kutoka kwa Mzee Zenon, taratibu, bila kuongea, wamevaa jezi. Zilikuwa bado na tope la Jumamosi. Kwa mazoea ya mfuaji alizihesabu. Kumi.

Ya kumi na moja, ya kipa, Fabiani alikuwa ameishika mkononi. Bado hajaivaa.