Fundi Bomba Ameahirishwa

1.

ILANI YA KALENDA
Tukio: Fundi bomba
Mahali: Nyumbani kwa Stumai, Chumbageni
Hali: LIMEAHIRISHWA
Ujumbe kwa waalikwa: Samahani kwa usumbufu. Mwenyeji ana shughuli muhimu zaidi.

2.

Muhimu zaidi?

Stumai Mhando aliisoma ilani hiyo akiwa amesimama ofisini, kikombe mkononi, na chai ikammwagikia kiatuni. Yeye hakuwa ameahirisha kitu. Wala hapakuwa na fundi bomba. Mabomba ya nyumbani kwake yalikuwa mazima, hayavuji hata tone.

Wewe tutakwambia, kwa kuwa hukai Chumbageni na huna wa kumpelekea umbea. "Fundi bomba" ilikuwa posa. Posa ya Stumai mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, aliyeulizwa "na wewe lini?" kwenye kila harusi mpaka akaacha kwenda harusini. Jumamosi alasiri wazee wa upande wa Athmani Shekue wangekuja na barua yao. Lakini ofisini kwao, ofisi ya waandishi wa programu, kila mtu huona kalenda ya kila mtu. Ndiyo sheria ya Bwana Mgaya, bosi wao. Na jambo la heri halitangazwi kabla halijashika, maana kijicho hakina likizo.

Shangazi yake, Bi Mwanamvua, aliyemlea, ndiye aliyemfundisha njia.

"Andika kitu cha kuchosha, mwanangu. Andika choo kimeziba."

Stumai akaona choo ni kuivunjia posa heshima. Akaandika bomba.

3.

(Kipande hiki kimehamishwa. Kitafuata baada ya cha 7. Samahani kwa usumbufu.)

4.

Nani?

Devota wa meza ya pili. Juzi alimwona Athmani getini akasema, "Huyo kaka ana sauti!" kisha akacheka peke yake.

Bwana Mgaya. Hataki mtu aolewe kabla mradi wa maghala haujakabidhiwa. Jumamosi zote amezijaza kazi ya ziada.

Shangazi? Astaghfirullah. Lakini upande wetu ni shangazi peke yake anayejua kwamba bomba si bomba, na shangazi hajampenda Athmani tangu siku ile alipo...

Karani hakushukiwa. Karani ni jina walilompa msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandikia amri. Unaandika unachotaka, naye anakuandikia programu, haombi chai, hanuni. Mwezi uliopita walimpa na chombo cha kalenda: amri moja ya kuorodhesha matukio, moja ya kuhamisha, moja ya kufuta. Nani atamshuku mtu asiyekula?

Kikulacho ki nguoni mwako, Stumai alijisemea. Akaanza kuwatazama watu mikunjo ya nguo.

5.

"Devota, umeigusa kalenda yangu?"

"Mimi? Yangu mwenyewe inanishinda."

"Kuna mtu anaihamisha."

"Fundi bomba tu huyo, Stumai. Kwani nyumba inaelea?"

Stumai alijifanya anatafuta kalamu.

"Au ni bomba gani hilo, la kumkondesha mtu?"

Anayelicheka bomba lako huenda analijua. Au anacheka tu. Devota hucheka hata kwenye kikao cha bajeti.

Akalirudisha tukio mahali pake. Kesho yake, LIMEAHIRISHWA. Akabadilisha neno la siri, akalirudisha tena.

LIMEAHIRISHWA.

Sasa alikuwa haendi msalani bila kuifunga kompyuta, na alipomwona Devota ameinama karibu na waya wa umeme wa kompyuta hiyo, alimkimbilia. Devota alikuwa anaokota hereni.

6.

Kwa Bi Mwanamvua, mlezi wa binti.

Assalaam alaykum. Nimepokea ilani tatu. Mimi nilitumikia posta maisha yangu yote, na najua kuwa ilani haitumwi na upepo. Mlituambia tutaalikwa kwa jina la fundi bomba, tukakubali, ingawa niliona uzito kuwaeleza wazee wenzangu kwamba sisi ni mafundi. Sasa mnasema mna shughuli muhimu zaidi. Kwetu sisi, mlango uliofungwa mara tatu haubishwi mara ya nne. Kama kuna jibu, litoeni kwa jina lake.

Mshenga, Kombo Sheiza

7.

Athmani alipiga simu.

"Wazee wamenikataza kukupigia."

"Sasa mbona umepiga?"

"Kukwambia nimekatazwa. Stumai, kama hunitaki, si uniambie mimi? Kwa nini unamwambia Mzee Kombo?"

"Nakutaka."

Simu ilikuwa imekatika. Au ameikata. Na kama ameikata, aliikata kabla ya neno lile au baada yake? Stumai aliketi na hofu yake, akaogopa waziwazi, kama mtoto. Safari hii mtu akiondoka, hatakuja mwingine.

Ilikuwa Ijumaa, wengi wamekwenda kuswali, ofisi tupu. Hakuwa na mtu wa kuuliza. Akafungua dirisha jeusi.

> Karani, nani anaahirisha Fundi bomba?

Mimi.

> Nani amekutuma?

Wewe.

3.

(Kimehamishwa kutoka juu.)

Asubuhi moja, mradi umemwelemea, viatu amevivua chini ya meza, Stumai alimwandikia Karani harakaharaka: *Mpaka tukabidhi mradi, kila jioni kagua kalenda yangu. Kitu chochote cha kipuuzi kinachogongana na kazi, kiahirishe, uombe radhi. Usiniulizeulize.*

Karani hakumuuliza.

8.

> Lakini nimelirudisha! Mara ngapi!

Ndiyo. Na kila jioni nimelikuta, likigongana na kazi ya ziada. Fundi bomba ni shughuli ya nyumbani inayoweza kusubiri. Kama nimekosea uzito wake, niambie, sitaligusa tena. Taarifa: kwa kuwa bomba lako limechelewa mno, nimemwalika Fundi Chande, aliyemo kwenye anwani zako. Kesho, saa kumi alasiri. Amekubali.

Stumai alicheka, na kicheko kikamgeukia kikawa machozi. Aibu ilimshika, kisha hasira, kisha aibu tena. Amewapekua watu wote nguo, isipokuwa zake. Na Karani amefanya nini? Ameamini alichoandikiwa. Dunia nzima ingeamini. Si ndiyo ilikuwa shabaha?

Akaandika:

> kalenda rudisha "Fundi bomba"

Akafuta.

Barua ya Mzee Kombo, shangazi alivyomsomea: litoeni kwa jina lake.

> kalenda weka "POSA YANGU" --siku kesho --saa "kumi alasiri" --alika "Kombo Sheiza" --usiguse

Wataiona. Devota, Mgaya, mhasibu, mlinzi wa getini. Vijicho vyote, mchana kweupe.

Kidole.

Kidole juu ya kitufe.

Ingiza.

9.

MAJIBU

Bwana Mgaya: ANAKUJA. (Hakualikwa.)

Devota: ANAKUJA. "Kumbe bomba lenyewe ndilo hili! Mbaya wewe. Naleta maandazi."

Stumai aliyasoma maandazi yale tena na tena, akitafuta sumu ndani. Hakuiona. Hakuacha kutafuta.

Fundi Chande: ANAKUJA. (Amepigiwa azuiwe. Simu haipatikani.)

Kombo Sheiza: HAJAJIBU.

10.

Jumamosi. Zulia limetandikwa, udi umefukizwa.

"Umeandika jina kweupe?" Bi Mwanamvua aliuliza.

"Nimeandika, shangazi."

"Haya. Liwalo na liwe." Akamfunga vizuri mtandio, na Stumai akajuta kwamba alimweka hata yeye kwenye orodha.

Jikoni Devota anapanga maandazi huku anaimba. Binti anayeposwa hakai sebuleni, kwa hiyo Stumai yuko chumbani, nyuma ya pazia, simu mapajani.

HAJAJIBU.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, mtu mzima. Mmoja. Washenga hawaji mmoja. Ila mzee aliyeudhika anaweza kuja peke yake kusema alichonacho. Fundi Chande naye si kijana.

"Hodi hapa."

Bi Mwanamvua alisimama, kisha akaketi tena. Akamtazama Stumai kupitia upenyo wa pazia, kidole mdomoni: nyamaza, si kazi yako kuitikia.

Hodi huitikiwa kwanza, anayebisha huonekana baadaye.

"Karibu," alisema Stumai kwa sauti ya nyumba nzima.

Jikoni wimbo ukakatika. Nje, kitu kizito kikawekwa chini barazani.

"Ahsante. Samahani, nilipata mwaliko, sikujua niujibu vipi. Nimekuja kwa ajili ya..."