Kinasa Sauti cha Uani

Mume wangu alipokuwa mzima alikuwa dalali wa mnada, na mtaa mzima ulimwita Spika. Akinadi kabati sokoni, mimi nyumbani nilijua limefika bei gani. Hakuwahi kushika kipaza sauti. Alisema kipaza sauti ni cha watu waliokula kidogo.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, kikaondoka na sauti yake. Kilichobaki ni kijisauti chembamba, na maneno nayo yakavurugika kama vyombo vya mtu aliyehama kwa haraka. Akitaka maji, anaomba viatu. Akitaka viatu, ananyamaza, kwa sababu ameshaviomba. Mimi ananiita Sufuria. Zamani aliniita Machachari, tangu siku aliponiuzia cherehani mnadani nikamfuata mpaka nyuma ya meza kumgombeza kwamba ina pedali mbovu. Mimi ni mwanamke wa mdomo, sikatai.

Mtaalamu wa hospitali aliniambia nimkalishe mahali patulivu, nimpe muda, na nisimmalizie maneno. Kuniambia mimi nisimmalizie mtu maneno! Lakini nilijifunza. Kila alasiri nilizima mdundo wa cherehani, sare za shule nikazisukuma pembeni, nikavuta kigoda hadi kwenye kiti chake katika chumba cha nyuma, nikaweka sikio karibu na mdomo wake. Neno moja lilimchukua muda wa kutunga uzi kwenye sindano gizani. Likikatizwa katikati, anaanza upya. Likikatizwa tena, anafunga mdomo mpaka kesho.

Dirisha la chumba hicho linatazama uwanja mtupu ulio nyuma ya nyumba zetu, na ni kwenye uwanja huo walipotaka kupitisha treni.

Si treni ya kawaida. Treni ya mwendo kasi, ile ambayo hujamaliza kusema "hiyo" imeshafika mji mwingine. Mhandisi alikuja kwenye ukumbi wa shule na ramani kubwa yenye mistari miwili. Mwekundu ulipita nyuma yetu, tambarare, rahisi. Wa bluu ulizungukia machimbo ya zamani ya kokoto, ambako hakukai mtu, lakini ulihitaji daraja. Alisema treni zitapita asubuhi mpaka usiku, moja ikienda nyingine ikija. Wenzangu waliuliza habari za vumbi, za nyufa, za watoto. Mimi niliwaza sikio langu na mdomo wa mume wangu, na treni katikati. Nikajiambia, mstari mwekundu ukipita nitakuwa mjane ambaye mume wake amekaa kitini.

Kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya uwanja, binti wa vipimo akaja kuweka kinasa sauti uani kwetu. Kilisimama juu ya miguu mitatu, kichwani kofia ya sponji. Kingekaa wiki nzima kupima mtaa una sauti kiasi gani kabla treni haijaja.

"Mama, msibadilishe chochote," aliniambia. "Ishini kama kawaida. Maneno ya watu tutayafuta, tunachotaka ni kiwango tu."

"Sasa ipi ni nzuri kwetu? Tupige kelele au tukae kimya?"

Akatabasamu, akakaza nati ya mguu mmoja. "Hilo siruhusiwi kujibu, mama. Kawaida tu."

Yeye hakuruhusiwa, ila mwenyekiti wa mtaa wetu hajawahi kusubiri ruhusa. Ni fundi bati, rafiki wa Spika tangu ujana, na mtu mwema akiwa amelala. Jioni ile alituita kwenye karakana yake.

"Wakisikia kimya, wataandika hapa ni pori," alisema. "Mashine ile inawasikiliza watu. Basi iwasikie watu. Tuonyeshe mtaa umejaa mpaka pomoni."

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, nisijitoe. Niliona ametupa akili ya bure.

Kesho yake asubuhi wakaingia uani kwangu. Mwenyekiti na bati na nyundo, mke wa kinyozi na vifuniko vya vyungu, muuza mkaa na redio mbili zinazobishana. Watoto walipewa ruhusa ya kupayuka, ruhusa ambayo mtoto haombi mara mbili. Siku ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilitoa cherehani nje, nikaikanyaga bila kitambaa, mradi ilie.

Siku ya pili Spika hakusema neno.

Siku ya tatu, alasiri, nilivuta kigoda changu kama kawaida. Akanitazama, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Huko nje bati likalia. Akaufunga. Akangoja, akafungua tena, vifuniko vikagongana. Akageuza uso ukutani, na nikaona shavu lake limelowa. Tangu augue sikuwahi kumwona akilia. Nikachukua ufagio.

"Tokeni," niliwaambia. "Wote."

"Shemeji, hivi ni vita vya mtaa mzima," mwenyekiti alisema, nyundo ikiwa hewani.

"Vita vyako vipeleke uani kwako."

"Mashine iko hapa, haiko kwangu."

"Basi asubuhi pigeni mpaka bati litoboke. Alasiri ni ya mume wangu."

Akashusha nyundo. "Na treni ikipita hapa kwa ajili ya kimya chako? Lawama ataibeba nani?"

"Nitaibeba mimi. Nimezoea mizigo."

Waliondoka, na tangu siku ile wakawa wanapiga asubuhi tu. Mwenyekiti aliwaambia wenzake, makusudi nisikie, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ile yote nikienda bombani watu walikuwa na haraka ya ghafla. Nilijidai sijali. Nilijali sana.

Kilichoniumiza zaidi ni Spika mwenyewe. Kimya nilichokigombania, hakukitaka pamoja na mimi. Alasiri ilipofika alionyesha mlango, nikamshika mkono, nikamkalisha uani kwenye kivuli cha ukuta. Nikivuta kigoda, ananipungia mkono wa kushoto nirudi ndani. Nikichungulia mlangoni, anapunga tena. Nikajua na yeye amenikasirikia, kwamba nimewafukuza rafiki zake. Nikakaa jikoni nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Wiki mbili baadaye tukaitwa ukumbini tusikilizishwe jinsi treni itakavyosikika kwenye nyumba ya mwisho, yaani kwetu. Spika nilimkalisha pembeni yangu, karibu na mlango. Mhandisi alisema watu wa vipimo wameshafanya kazi yao, na njia itachaguliwa kwa kuangalia treni itaongeza kelele kiasi gani.

Binti wa vipimo akasimama na kompyuta yake. "Siku tatu za mwanzo na asubuhi zote tumeziondoa," alisema. "Kulikuwa na shughuli ya mabati, hatujui ya nini, tukaona si hali ya kawaida. Tumebaki na alasiri."

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Mwenyekiti akanyanyua mkono.

"Tuseme mngehesabu asubuhi pia?"

"Mtaa ambao tayari una kelele, treni haiuongezei kitu kikubwa," mhandisi alijibu. "Kama siku nzima ingekuwa vile, mstari mwekundu ungepita bila mjadala."

Mwenyekiti akaketi polepole sana. Tulikuwa tukijipalia makaa, tena kwa nyundo. Aligeuka akanitafuta kwa macho, nikamwachia anione vizuri.

"Sasa mtasikia uani palivyo," binti aliendelea, "halafu treni ipite. Kuna mzee anazungumza peke yake kwa mbali. Hayaeleweki maneno, ndiyo maana hatukuyafuta."

Akabonyeza. Kuku wa jirani akachakura majani makavu. Upepo kidogo. Kisha kijisauti chembamba, na kweli, kwa mtu mwingine hakikuwa maneno. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima na sikio kwenye mdomo ule.

"Ma," ilisema sauti. Kimya kirefu. "Macha." Pumzi. "Ma-cha-cha."

Mkono wa Spika ukakaza kwenye goti lake. Ndipo treni ikaingia. Ilitoka spika za ukuta wa kushoto, ikatetemesha madirisha, ikatokea ukuta wa kulia. Ilipoisha, kuku aliendelea na majani yake na sauti ya mzee haikuwepo.

Nikasimama. "Rudisha."

"Treni, mama?"

"Iondoe treni. Rudisha uani kwangu peke yake."

Mhandisi akatazama saa yake, lakini binti alikuwa ameshabonyeza. Tukamsikia kuku, tukausikia upepo. Ma. Macha. Ma-cha-cha. Nilishika mgongo wa benchi la mbele. Na pale pale treni ilipokuwa imepita, likaja taratibu, zima, bila kukosa herufi.

"Machachari."

Likarudiwa haraka, kama mtu anayeogopa litamponyoka. "Machachari." Halafu akacheka peke yake, na akagonga mkono wa kiti mara tatu, kama alivyogonga meza mnadani bei ikifika.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama sakafu kama kijana aliyefumwa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Ulikuwa unanifukuza uani kumbe ni hili?"

Akalitafuta jibu. Ukumbi mzima ulimsubiri, watu wale wale wa vifuniko na redio, na hakuna aliyekohoa.

"Ba," alisema. "Bado."

Alitaka lipone kwanza ndipo aniletee. Nililia mbele za watu, mimi ninayejua kujibu kila kitu.

"Mle kwenye kinasa anasema nini?" mhandisi aliuliza kwa upole.

Mwenyekiti ndiye aliyejibu. "Anamwita mkewe." Akajifuta uso kwa kiganja chake kikubwa cha fundi bati. "Binti, weka tena. Sasa na treni yako."

Akaweka. Safari hii kila mtu aliinama mbele, vichwa vimeelekezwa kwenye spika, kwa sababu sasa walijua kuna neno mle ndani na wanajua linakaa wapi. Ma. Macha. Ma-cha-cha. Treni ikapita. Walilitafuta chini yake, hata mhandisi alifumba macho akilitafuta, na hakuna aliyelipata.

Mvua zilipokwisha, mhandisi alirudi kutuambia wamechukua mstari wa bluu. Hakusema habari ya mapenzi, wahandisi hawaandiki hivyo. Alisema katika nyumba ya mwisho, alasiri, treni ingevuka kiwango kinachoruhusiwa, na daraja la machimboni litajengwa. Mwenyekiti siku hizi anawasimulia wageni jinsi alivyopanga kimya kile kwa akili zake mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma. Namwacha, maana huja kila jioni kumtembeza Spika, na akishamfikisha nyumbani hukaa karibu naye na kumsubiri amalize.

Jana alasiri nilikuwa jikoni. Spika nilikuwa nimemwacha chumba cha nyuma, dirisha wazi, na kikombe mkononi. Kijisauti kikatoka huko, kikapita ukumbi mdogo, kikanifikia.

"Chai," kilisema. Nikangoja. "Haina." Nikangoja tena. "Sukari."

Maneno matatu, kila moja mahali pake, na yote ni ya kunikosoa. Enzi zile ningemjibu kutoka huko huko jikoni mpaka aombe poo. Nilimsikia vizuri sana. Nikasimama na kijiko mkononi, nikanyamaza, nikajifanya sijasikia, ili aseme tena.