Wageni wa Maji ya Chumvi

Siku Lomorukai alipoleta meza ya chuma, watu wa mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo walidhani Abass anafungua bucha. Ilikuwa meza ndefu na nzito, miguu yake minene, na wanaume walioibeba walipumzika mara kadhaa kabla ya kuufikia mlango. Nyuma yake lilifuata tangi la kioo lililofungwa kwa mablanketi, likibebwa taratibu kama mgonjwa.

"Mzee Abass," alisema Lomorukai, akijipangusa jasho kwa kofia yake ya kuchomelea, "nimekuchomelea mageti, nimekuchomelea bodi ya lori mpaka ukaliuza. Lakini meza ya kuweka bahari, hii ni ya kwanza."

"Wewe hakikisha haitingishiki."

"Haitingishiki hata ukiweka nyangumi."

"Na usinipelekee habari kwenu Ngaremara."

"Habari ilifika Ngaremara jana, mzee. Wanauliza hao samaki watachungwa na nani wakati wa kiangazi."

Wabebaji walicheka. Abass hakucheka. Alikuwa mtu wa malori, aliyepanda na kushuka barabara ya Marsabit na Moyale wakati barabara yenyewe ilikuwa mawe matupu, na hakuzoea kufanyiwa mzaha juu ya mzigo. Mombasa alifika mara nyingi kupakia, lakini bahari aliiona kwa mbali tu, kipande cha buluu katikati ya makontena, na hakuwahi kutamani kuisogelea. Sasa alikuwa ameinunulia mahali pa kukaa sebuleni kwake.

Tangi lilikuwa la dada yake, Kinsi. Yeye ndiye aliyemlea Abass mama yao alipofariki, na baada ya mumewe kufa alirudi kukaa na ndugu yake katika nyumba ileile walimozaliwa. Macho yake yalikuwa yakifa kuanzia pembeni kuja katikati. Daktari wa Nairobi aliwaambia bila kuzunguka kwamba ni presha ya macho, kwamba matone ya dawa yangechelewesha mambo kidogo, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Walitoka chumbani mwake. Kinsi alikuwa akipapasa ukuta kuelekea mlangoni aliposimama ghafla.

"Walaal, ndugu yangu, kile cha kijani kinachocheza ni nini?"

Abass aligeuka. Kwenye ukuta wa chumba cha kungojea palikuwa na tangi la samaki wa baharini, juu yake taa ya buluu, na chini ya taa ile matumbawe yaling'aa kijani kana kwamba kuna mtu aliyewasha moto ndani yake. Kwa muda mrefu Kinsi alikuwa akiuliza juu ya vitu alivyovisikia tu. Hiki alikiona. Alikisogelea mpaka pua ikagusa kioo, akatabasamu, na Abass akamwacha asimame pale mpaka mhudumu alipokuja kufunga.

Ndiyo maana mzaha wa Lomorukai haukumfikia.

Mambo ya bahari alifundishwa kwa simu na mwanamke mmoja wa Mombasa aitwaye Hoda, muuzaji wa samaki wa mapambo. Hoda alimwambia asithubutu kutumia maji ya kisima cha Isiolo, maana yana madini yanayoacha ukungu mweupe hata kwenye birika la chai. Abass akanunua maji yaliyosafishwa, mtungi baada ya mtungi, mpaka mwenye duka la maji akamuuliza kama ana harusi. Kisha ikaja chumvi ya bahari ndani ya mifuko. Lomorukai, ambaye alikuwa na namna ya kupita kila kunapokuwa na jambo, alichovya kidole akalamba.

"Mzee, hii nipe niwapelekee mbuzi. Unaimwaga kwenye maji bure."

"Mbuzi wako hawana taa ya buluu."

"Hapo umenishinda."

Walikoroga maji, wakapanga mawe yaliyotoka baharini, wakawasha pampu na taa. Kinsi akasogezewa kiti. Aliangalia muda mrefu.

"Naona mwanga," alisema. "Lakini hakuna mtu ndani."

"Watakuja, abaayo, dada yangu."

Ila hawakuweza kuja. Hoda alieleza kwamba maji mapya ni sumu, kwamba mle ndani ya mawe kuna vijidudu vinavyopaswa kuzaliana kwanza ili visafishe uchafu wa samaki, na jambo hilo huchukua wiki nyingi.

"Bi Hoda, mimi sina wiki nyingi."

"Mzee wangu, maji hayajui hayo. Ukiwatia leo, kesho utawazika."

Basi wakangoja. Abass hakuwahi kungoja namna ile. Lori likikwama kwenye tope, mtu hushuka, huchimba, huweka mawe chini ya matairi, hutukana kidogo. Hapa hapakuwa na cha kuchimba. Maji yalikuwa yakikomaa kwa mwendo wake, na macho ya dada yake yakizibika kwa mwendo wake, na yeye yuko katikati amekaa kwenye kochi. Asubuhi moja Kinsi alimimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumwaga. Abass alisogeza kikombe chini ya ile chai.

Hatimaye Hoda aliruhusu. Samaki na matumbawe vilifika Nairobi kwa basi ndani ya sanduku jeupe la kuhifadhi baridi, na kutoka huko vikapandishwa gari la miraa lililokuwa likirudi tupu, kwa sababu Abass hakujua chombo kingine kinachokimbia namna ile. Dereva aliendesha kama kawaida yao, na maji yalikuwa bado na uvuguvugu wa Mombasa sanduku lilipofunguliwa. Palikuwa na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, na wengine wadogo wa buluu. Palikuwa pia na matumbawe yaliyobandikwa juu ya vijiwe, yamejikunyata kama ngumi.

Jioni ya siku ya pili ngumi zilifunguka. Kinsi aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Kijani," alisema. "Kinapunga. Abass, kinapunga kama nyasi za kule Leparua mvua ikinyesha. Na yule wa chungwa anakwenda wapi na haraka zote hizo?"

"Anatafuta chakula."

"Basi ni mgeni wa kweli."

Akainuka, akaenda jikoni akihesabu ukuta kwa kiganja. Kila jioni baada ya Alasiri Kinsi alifukiza unsi, ule ubani uliopikwa kwa sukari na manukato, kama mama yake alivyofanya na mama wa mama yake. Makaa aliyachagua kwa kusikia yanavyolia. Chetezo cha udongo alikijua kwa mikono. Ilikuwa kazi ya mwisho iliyobaki yake peke yake, tangu aliponyang'anywa kisu na jiko la gesi. Alirudi na chetezo kinafuka, na badala ya kukiweka katikati ya chumba kama siku zote, alipapasa mpaka kwenye rafu ya chini ya meza ya Lomorukai, akakiweka pale.

"Mgeni halali kwenye nyumba isiyonukia," alisema.

Abass aliona ni jambo zuri. Hata alimsifu.

Baada ya siku chache matumbawe yalianza kujikunja. Samaki mmoja wa buluu akalala ubavu juu ya changarawe, akihema, na alfajiri akawa amekufa. Abass alimtoa kwa kichujio cha chai na kumzika kwenye chungu cha mkomamanga kabla dada yake hajaamka. Hoda aliuliza chumvi, Abass akapima. Akauliza joto, naye akapima. Akauliza chakula, naye akapunguza mpaka akaona haya. Alibadilisha maji. Kulipokosekana stima alikaa akivuruga maji kwa mwiko ili yapate hewa, mzee mzima mwenye ndevu za hina, akikoroga bahari kama uji. Samaki mwingine wa buluu akafa.

"Leo kijani ni kidogo," Kinsi alisema. "Ni macho yangu au ni yeye?"

"Amelala."

Hoda alipochoka kuuliza juu ya maji, alisema, "Mzee wangu, hiyo pampu ya hewa umeiweka wapi? Inavuta hewa ya wapi?"

Abass aliinama kutazama. Pampu ilikuwa kwenye rafu ya chini. Kando yake, karibu kiasi cha kugusana, kilikaa chetezo cha dada yake, na ukutani moshi ulikuwa umeacha alama inayopanda hadi kwenye mdomo wa pampu. Kila jioni walikuwa wakiwapulizia samaki moshi wa unsi majini.

Hakumwambia Kinsi. Alihamisha chetezo kwanza, lakini sebule ilikuwa ndogo na moshi haukujua mpaka. Akatoa mpira wa pampu nje ya dirisha, ukavuta vumbi la barabara hadi maji yakawa kama chai ya maziwa. Akamshawishi dada yake afukize barazani. Upepo wa Isiolo ulichukua unsi wote ukaupeleka kwa jirani, ukarusha na cheche kwenye shela ya Kinsi.

"Unsi ni wa nyumba," Kinsi alisema akizima cheche kwa vidole. "Nje ni moshi tu. Kwa nini unanitoa nje, walaal?"

"Joto."

"Joto." Aligeuza sikio kuelekea sebuleni, pampu ilikonguruma. "Pumzi ya wale samaki inatoka wapi?"

Alikuwa mwanamke aliyelea watoto wasiokuwa wake. Uongo aliujua kwa sauti. Abass akamweleza, akiangalia vidole vyake mwenyewe. Angeweza kumwambia achague, lakini lile neno halikumtoka. Alitamani awe na nguvu ya kumkataza jambo moja, unsi au samaki, ili lawama iwe yake. Hakuweza.

Jioni iliyofuata Kinsi hakwenda jikoni. Wala ya tatu. Chetezo kilioshwa kikawekwa juu ya kabati.

Tangi lilipona. Samaki wa buluu walikuwa wamekwisha, lakini wawili wa rangi ya chungwa walibaki, wakanenepa, na matumbawe yakafunguka kuliko mwanzo. Nafiso, binti wa shangazi yao, alipokuja kusalimia, alisimama mlangoni akinusa.

"Salaam aleikum. Hapa kuna mtu anaumwa?"

"Hakuna," Abass alisema.

"Nyumba haina unsi, inanuka kama duka."

Kinsi alicheka, kisha akaendelea kutazama kijani chake. Kila jioni alikaa pale, na kila jioni kiti kilisogezwa karibu zaidi. Zamani aliona tangi zima. Baadaye alilazimika kuwatafuta samaki kwa kugeuza kichwa, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Abass aliongeza taa. Alipiga simu kwa Hoda kuuliza kama kuna matumbawe yanayong'aa zaidi ya hayo.

"Mzee wangu," Hoda alisema, "hayo ndiyo yanayong'aa kupita yote."

Jioni moja, muda mfupi baada ya Alasiri, Kinsi alikaa kwenye kiti chake, akakunja mikono mapajani.

"Washa taa basi."

Taa ilikuwa inawaka. Buluu yake ilikuwa imemwagika juu ya mikono ya Kinsi, juu ya shela, mpaka usoni. Ndani ya macho yake Abass aliona tangi zima, dogo, limetimia.

"Stima imepotea, abaayo," alisema.

Kinsi alisikiliza. Chini ya meza pampu ilikuwa ikinguruma, na mapovu yakipanda bila kuchoka.

"Stima imepotea," alisema pole pole, "na pampu inaenda."

Abass alishika mgongo wa kiti. Nje punda wa mkokoteni wa maji alipita, mwenyewe akimwita kwa mluzi.

"Niletee makaa, walaal."

"Abaayo, kuna wawili wamebaki. Wamekuwa wakubwa. Wako hapa mbele yako."

"Wewe ndiye unayeniambia." Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayemkumbusha mtu njia. "Nikifukiza unsi, najua niko kwetu."

Abass alikwenda jikoni. Alisimama mbele ya jiko la makaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapuliza, majivu yakamrudia usoni. Alifikiria kumpigia Hoda, lakini hakujua amuulize nini. Alifikiria kumwita Lomorukai na wanaume wake walihamishe tangi. Lakini lilikuwa limejaa, na lisipomwagwa halitoki, na likimwagwa si bahari tena. Akashusha chetezo kutoka juu ya kabati. Kilikuwa na vumbi. Akakipangusa kwa mkono wa kanzu.

Aliporudi sebuleni makaa yakiwa mekundu, samaki wawili waliacha walipokuwa wakaja mbio mpaka kwenye kioo, kama walivyofanya kila walipomwona, wakifungua na kufunga midomo, maana siku zote alipokuja aliwaletea chakula.

Abass alisimama.

"Umefika?" Kinsi aliuliza, akanyoosha mikono yote miwili kupokea, kando kidogo ya pale Abass alipokuwa.