Mchanga wa Bure

Bibi Noelene hakuwa mjinga, na atakayesema alikuwa mjinga ana ugomvi na mji mzima. Nusu ya watu wa pale ndiye aliyewafundisha kusoma, na redio ikiharibika aliifungua mwenyewe kwa bisibisi. Ila umtajie chanjo! Utajuta kufungua mdomo. Atakwambia serikali na watengeneza dawa wamekaa chumba kimoja wakapanga, kwamba mna kitu ndani ya sindano, kwamba watu watadhoofika polepole na hakuna atakayeulizwa.

Miaka yote Kirrily, mjukuu wake, alikuwa akicheka tu. Sasa mimba ilikuwa ya miezi minane na kicheko kimemwisha. Kifaduro kilikuwa kimezuka, na kichanga kikikipata kinaweza kufa. Mkunga alishamwambia, kama anavyowaambia wote: mtu mzima asiyechanjwa asimbebe mtoto. Na huyu ndiye bibi aliyemlea tangu baba yake, Glen, alipofariki. Amfungie mlango vipi?

Jumamosi asubuhi akamkuta jikoni, anachovya keki za lamington kwenye chokoleti.

"Bibi, ile chanjo."

"Chai kwanza."

"Sitaki chai! Bila chanjo humshiki mtoto. Nimesema."

"Basi nitamtazama dirishani, kama samaki wa dukani."

"Unanitania?"

"Nani anamtania mwenzake hapa? Wewe ndiye unayenifukuza."

"Jamani, Bibi! Yaani madaktari wote duniani wameitana kikao wakudanganye wewe, Noelene?"

"Si wote. Mmoja alinitosha."

Akafuta mikono kwa aproni, akavuta kiti.

"Unaujua mchanga wa mgodi wa asbesto, ule kampuni iliokuwa ikiugawa bure."

"Nani asiyeujua, Bibi? Ndio uliomuua baba, vumbi lake mapafuni."

"Hujui. Babu yako aliuleta kwa toroli, watoto wachezee uani. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikaenda zahanati ya kampuni, nikamuuliza daktari, una madhara? Akacheka. Akanishika bega, akasema, mama, hata wakiula. Nikarudi nikaumwaga uani kwa mikono yangu, wachezee. Glen alikuwa mdogo, anajimwagia kichwani, anacheka." Akalikunja pindo la aproni. "Niliuliza, Kirrily. Niliuliza!"

Kirrily akamshika mkono. Maisha yake yote alidhani wazee wale hawakuwa na habari, walichukua cha bure wakafurahi. Alikuwa amekuja na maelezo ya wataalamu kwenye simu, tayari kumsomea. Akaiacha mfukoni.

"Watu husema hakuna aliyejua," bibi akasema. "Mimi nataka iwe walijua. Nataka wawe waongo, wote, mpaka leo. Kama hawakujua, nabaki mimi na toroli langu."

Mjukuu alimpenda mno saa ile, hata akashindwa kumbishia.

"Siwezi kukuapia chochote, Bibi. Na mimi nilimuuliza daktari tu, kama ulivyouliza wewe. Akanijibu, nikamwamini, nikadungwa."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na mtoto tumboni?"

"Na mtoto tumboni. Ndiyo inayomkinga akizaliwa."

Bibi akapauka. Akalitazama lile tumbo, akanyoosha mkono akaligusa kwa ncha za vidole, kama anayepima homa. Chokoleti ikaanza kuganda bakulini. Kisha akainuka, akavua aproni, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Zahanati Jumamosi hufungwa mchana. Kawashe gari."

"Kumbe umekubali!"

"Sijakubali lolote! Ni sumu ile, na wanajua ni sumu." Alikuwa analia waziwazi, anahangaika na kitasa cha mlango. "Ila nyie wawili mmeshaingia humo. Mimi nibaki huku nje, nimepona peke yangu, nifanye nini?"