Rezista ya Wodi ya Wazazi

Juni 1974, Jailos, fundi umeme wa Ilomba, Mbeya, aliitwa kwenye shamba moja la chai huko Mufindi kutazama globu ya wodi ya wazazi. Iliwaka hafifu mno, hata mkunga Paskalina akawa anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Jailos aliufuata waya. Ulitoka kwenye jenereta, ukapita nyumbani kwa meneja kwenye friji zake mbili, ukaenda kwenye pampu, ukarudi tena kwa meneja, ndipo ukafika kwa wazazi kama mgeni aliyekuta wenyeji wameshakula.

“Mama, nimechoka kuzunguka,” alimwambia Paskalina, akachora ukutani kwa chaki. “Kwa hii globu yako, huko nyuma kote ni sawa na betri moja na rezista moja ya kuubana umeme. Basi.”

Kulipokucha ikawa hivyo kweli. Nyuma ya wodi hapakuwa na nguzo, pampu wala jenereta. Palikuwa na betri moja ya ukubwa wa mbuzi, na rezista moja nene kama mtungi, yenye mistari ya rangi. Ukitazama kutoka kwa meneja, kila kitu kilikuwa mahali pake. Paskalina aliivuta rezista ndani isinyeshewe.

Globu haikuongeza mwanga. “Sawa ni sawa, mama,” alisema Jailos. “Rezista ikipungua globu itawaka vizuri, ila lazima meneja azime friji.” Meneja alipoombwa akajibu kwamba ana wageni, na wageni wanataka barafu.

Hata hivyo rezista ilikuwa na joto zuri, Mungu aibariki. Kalista, mchuma chai, alipojifungua njiti jioni ya baridi kali, Paskalina alimlaza mtoto kando ya rezista, kisha akamshona mama kwa kupapasa, kama kawaida. Mtoto akapata rangi, akanyonya. Paskalina alifurahi hadi akakaa chini.

Asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hatashukuru. Siku ya kurudi kambini kwa wachuma chai, Kalista aliipigia rezista goti, akaiamkia kwa lugha ya kwao, kama anavyomsalimia baba mkwe.

“Kamwene. Asante kwa kunilelea mtoto.”

Akatega sikio apate jibu. Ndani ya rezista barafu ilikuwa ikidondoka kwenye bilauri, na wageni wa meneja wakicheka. Akashukuru tena, akamsogeza mtoto palipokuwa na joto zaidi.