Nyumba ya Mutuku Juu ya Meza

Walipomwambia Festus kwamba Mutuku amekufa, aliuliza kama mbuzi walipona. Nesi akamtazama, akamtazama na mkewe Loise, kisha akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Loise alimjibu kwamba wengine walipona na wengine hawakupona. Festus akasema sawa, akageukia ukutani, na haukupita muda akawa amelala.

Kwa miaka mingi Festus aliendesha lori la Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na zizi lake karibu na Kyumbi, na miaka hiyo yote tanboi wake alikuwa Mutuku. Mutuku ndiye aliyepakia, ndiye aliyefunga turubai, ndiye aliyeruka chini kuweka mawe nyuma ya magurudumu wakisimama mlimani. Safari iliyobaki alikaa kiti cha kushoto akiongea. Siku ile, wakiwa wamebeba mbuzi, gurudumu la mbele lilipasuka mbele kidogo ya Konza, lori likaacha barabara na kulalia ubavu wa kushoto. Polisi hawakumlaumu Festus. Abdiwahid hakumlaumu, wala familia ya Mutuku. Mwenyewe alijaribu kujilaumu, kwa sababu aliona ingefaa, lakini hata hilo halikuja.

Alipotoka hospitali, Mutuku alikuwa ameshazikwa kwao Kivaa. Festus alirudi nyumbani Machakos na mkono wa kulia ulioungwa vizuri lakini ambao vidole vyake havikusikia kitu. Angeweza kushika kikombe cha chai asijue ni cha moto mpaka aone mvuke. Watu walikuja kumpa pole, akazipokea, akawauliza kama kwao mvua imenyesha. Loise akawa anamchungulia kila mara, kama mtu anayechungulia sufuria aone kama maji yameanza kuchemka. Hayakuchemka. Festus alikula alichopewa, akavaa alichowekewa, na jioni akatazama habari kwenye televisheni bila kuweza kusema baadaye zilihusu nini.

Mhudumu wa mazoezi ya viungo, msichana aliyeitwa Emily, alimwambia atafute kazi ndogo ndogo za vidole.

"Chochote, mzee. Kushona, kuchambua maharagwe. Vidole haviwezi kuhisi kwa sasa, kwa hivyo wacha macho yavifundishe."

Akachambua maharagwe mpaka Loise akamwambia kwamba hakuna nyumba inayokula maharagwe namna hiyo. Ndipo binti yao Winfred, ambaye wengi walimwita Winnie, aliyefanya kazi ya ofisi Syokimau, akaja na boksi. Ndani mlikuwa na lori dogo la plastiki la kujiundia, vipande vyake vyote vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu, vingine vidogo kuliko punje ya mchele.

"Kuna watu wazima wanafanya hii kitu, Baba," Winfred alisema. "Wako na meza zao na vifaa vyao."

Festus alianzia meza ya kulia chakula. Kipande cha kwanza kilimponyoka asijue, kwa kuwa vidole havikumwambia kwamba hakipo tena. Kikaanguka, na asubuhi Loise akakifagia pamoja na makombo ya mkate. Cha pili kikaenda vivyo hivyo. Hakukasirika. Aliona tu kwamba kazi hii inataka mahali pake, na kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya, akaanza kupatengeneza.

Kile chumba alicholala Winfred akiwa shuleni kilikuwa na dirisha pana. Festus alichukua mlango wa zamani wa stoo, akaung'oa bawaba, akaulaza juu ya miguu ya cherehani ambayo Loise hakuitumia tena. Ulikuja juu mno, ukamfanya anyanyue mabega, akamwita fundi wa kuchomelea apunguze miguu ile mpaka viwiko vyake vikalala juu ya meza bila kujikaza. Aliiweka meza ubavuni mwa dirisha, siyo mbele yake, ili mwanga utoke upande wa kushoto na kivuli cha mkono wake kisiifunike kazi. Kando zote za meza akazipigilia ubao mwembamba wa kuzuia vitu kubingirika. Kisha akachukua shuka kuukuu, upande mmoja akaupigilia kwenye ukingo wa meza na upande wa pili akaufunga kiunoni kila alipoketi, hata kipande kikiponyoka kikaangukia kwenye shuka.

Kazi hiyo ilimchukua majuma. Alikata kipande cha mpira wa sakafu kiwe cha kukatia juu yake. Trei ya mayai ikawa ya kutenganisha vipande, na vibanio vya nguo vikawa vya kushikilia mahali palipotiwa gundi, kwa kuwa mkono wake haukuweza kujua umebana kiasi gani. Kikata kucha cha Loise kilihamia huko na hakikurudi. Kwa ajili ya kupaka rangi alifanya kibanda cha boksi la kadibodi chenye feni ndogo ya kusukuma harufu nje ya dirisha, maana siku ya kwanza nyumba nzima ilinuka petroli na Loise akaumwa na kichwa.

"Unajisikiaje ukifanya hii?" Loise alimuuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni.

Festus alifikiri. Alitaka kumpa jibu zuri, kwa sababu alijua Loise amechoka.

"Saa zinapita," akasema.

Lori lilikuwa karibu kwisha wakati Nduku, mjane wa Mutuku, alipokuja. Alikuwa na shughuli zake sokoni, akapitia kuwaamkia. Loise alimkaribisha chai, lakini Nduku akauliza Baba Winnie yuko wapi, akaingia na kikombe chake mpaka chumba cha meza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, mwenye sauti ya chini. Aliketi juu ya kitanda cha Winfred, kikapu chake cha kyondo kati ya miguu, akalitazama lile lori.

"Hii ndiyo ile?"

"Si ile yenyewe. Ile ilikuwa aina ingine. Hii nimeipaka tu rangi yake."

"Na yeye alikuwa anakaa hapa." Alielekeza kidole bila kugusa.

"Hapo."

Nduku alitazama kiti kile kidogo kwa muda. Festus alingoja alie. Alifikiri kwamba Nduku akianza kulia, na yeye huenda atapata mahali pa kushikia. Nduku hakulia. Alikunywa chai.

"Nilikuwa nasema ikiisha nikupatie," Festus akasema.

"Mimi? Niiweke wapi, Baba Winnie? Wasichana wangu wakiamka wawe wanaiona?"

Hakusema kwa ukali. Lakini Festus alihisi uso wake mwenyewe umepata joto mpaka masikioni. Ilikuwa aibu. Aliitambua, kama mtu anayemtambua jirani wa zamani barabarani, na akashangaa kidogo kwamba bado yupo. Kisha ikapita. Alilivuta lile lori upande, akaliweka nyuma ya mikebe ya rangi mahali ambapo Nduku hangeliona.

"Mimi nilikuja na ingine," Nduku akaendelea. "Mutuku alikuwa amechimba msingi wa nyumba. Ulijua?"

"Alisema."

"Mawe iko, mchanga uko. Sasa fundi ananiuliza vyumba vikae namna gani, na mimi sijui. Huyo mtu alikuwa anakuja nyumbani analala, anaamka, anaenda. Mimi aliniambia tu, nitakujengea. Lakini nyinyi mlikuwa mnakaa pamoja huko barabarani mchana na usiku. Hakukuwa anakuambia?"

Festus alifungua mdomo aseme hapana. Mutuku alikuwa akiongea juu ya kila kitu, na yeye aliitikia "mm" huku macho yakiwa barabarani. Lakini alipotafuta, aliona kitu kipo.

"Jikoni iwe ndani ya nyumba," akasema. "Hakutaka jikoni ya nje."

"Kwa nini?"

"Alisema mvua ikinyesha wewe hukimbia na sufuria kama umeiba."

Nduku alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka.

"Hiyo ni ukweli," akasema. "Ni ukweli kabisa. Haya, na nini ingine?"

Festus akamwambia atampatia nyumba yenyewe. Si michoro, kwa sababu hakujua kuchora. Angemtengenezea ndogo, paa likiwa la kufunuliwa, ili fundi atazame ndani mwenyewe. Nduku akamwambia angepima msingi na kumpigia simu.

Alipopiga, Festus aliamua kwamba kila mita moja ya Kivaa itakuwa sentimita mbili mezani, hesabu ambayo fundi yeyote angeiweza bila kusumbuka. Alikata kuta kutoka kwenye kadibodi ya kalenda za zamani, akazibandika mbili mbili ziwe na unene. Vioo vya madirisha vilitoka kwenye chupa ya maji. Kwa mabati, Loise alimletea boksi la sabuni, na Festus akaliloweka kidogo, akabandua karatasi ya juu, migongo ile ya ndani ikajitokeza safu kwa safu. Aliipaka kijani. Mutuku alitaka kijani.

Nyumba yenyewe haikumjia kwa mpangilio wa vyumba. Ilimjia kwa mpangilio wa barabara. Ili kukumbuka chumba cha wasichana ilibidi akumbuke daraja ambako Mutuku alikitaja, lori likipita polepole na mbuzi wakikohoa nyuma. Veranda aliikuta kwenye foleni ya mizani ya kupimia malori, ambako walikaa mchana kutwa na Mutuku akaipima kwa hatua kando ya lami, huku madereva wengine wakimcheka. Alisema apate pa kuketi akivua viatu. Festus alikata nguzo za veranda kutoka kwenye vijiti vya kuchokolea meno, akazisugua na msasa moja moja. Ziliponyoka mara nyingi. Shuka ilizidaka.

Kilichomshinda ni dirisha la chumba cha kulala cha wazazi. Mutuku alikuwa amesema upande gani, na alikuwa amesema kwa nini. Festus aliweza hata kukumbuka mahali penyewe, mteremko ulioshuka kuelekea Matuu, na Mutuku akionyesha kwa mikono yote miwili. Lakini wakati huo alikuwa anatafuta gia, au anamtazama mwendesha pikipiki. Maneno hayakuwapo.

Loise alimkuta amekaa, ukuta ule mkononi, kisu chake kidogo cha kukunja kimefungwa.

"Kuna nini?"

"Sikusikiliza," akasema Festus. "Hapa alikuwa anaongea na mimi sikuwa nasikiliza."

Loise alimwekea mkono begani. Kisha akamuuliza kama amletee chai, na Festus akasema ndiyo. Ukuta ule aliuacha bila dirisha.

Siku ya kwenda Kivaa, Winfred ndiye aliyeendesha. Festus aliketi nyuma na nyumba mapajani, ndani ya boksi la wazi. Hakutazama barabara sana. Walipopita lile daraja alijua kwa mtikisiko tu.

Nduku aliwapokea, akawaonyesha kwanza kaburi, chini ya mwembe mchanga uliozungushiwa miiba dhidi ya mbuzi. Festus alisimama hapo muda alioona unatosha. Alingoja. Udongo ulikuwa mwekundu na ulianza kushuka upande mmoja. Aliona jina limeandikwa vizuri. Alitaka kumwambia mtu kwamba hana la kusema, lakini hakuna aliyemuuliza, na Winfred alikuwa akipangusa macho yake kwa niaba ya wote wawili.

Nyumba waliiweka juu ya pipa karibu na msingi. Fundi, mtu mfupi aliyeitwa Onesmus, alilizunguka lile pipa, akachuchumaa akachungulia mlangoni, kisha akatoa futi yake na kupima ukuta wa sebule.

"Sentimita mbili ni mita?"

"Ndiyo."

"Hii naijenga," akasema. "Hii hata hainitaki nifikirie."

Wasichana wa Nduku wakaja. Mkubwa alilifunua paa, wakatazama ndani, wakaanza kugombana nani atalala karibu na mlango. Nduku aliwasogeza, akainama yeye. Alikaa ameinama muda mrefu. Festus alianza kumweleza juu ya ule ukuta mtupu, kwamba Mutuku alisema na yeye hakushika, lakini Nduku hakuwa akiutazama ukuta huo.

"Hapa jikoni," akasema. "Nataka mlango wa kutokea nje. Hapa, upande wa shamba."

"Yeye alisema jikoni iwe na mlango mmoja. Wa ndani."

"Alisema, lakini hakuwa anapika. Moshi utaenda wapi? Na kuku nitawatupia maganda nikipitia sebuleni?"

Onesmus alicheka peke yake. Festus alitazama ile kazi yake, kona zilizokaa sawa, gundi iliyokauka vizuri. Akachomoa kile kisu kidogo mfukoni. Hakuwa na meza, wala shuka, kwa hiyo akaketi juu ya rundo la mchanga na kuipakata nyumba.

"Utafungukia ndani ama nje?" akauliza.

"Nje," Nduku akasema, kisha akagusa ule ukuta mtupu. "Na hiyo chumba yangu, dirisha weka hapa. Jua likitoka nilione."

Festus akaweka alama kwa ncha ya kisu, akaanza kukata.