Taa ya Kisima cha Lomiki

Kendi alikuwa ameshiba hasira kabla hata ya chai ya saa nne. Ukumbi ule wa mjini Lusail, Uarabuni, ulikuwa na baridi ya friji, wageni, wafadhili wa mradi, wakipigana picha mbele ya ramani kubwa ukutani, na kwenye ramani hiyo visima vyote vya kisiwa cha Lomiki, mbali mashariki ambako tayari ilikuwa jioni, vilimeremeta kijani. Kijani ni kusema maji ni matamu, kunyweni. Nyekundu ni kusema chumvi imeingia, acheni. Kando ya kila kisima kulikuwa na taa ya rangi hizo hizo.

Simu yake ilikuwa na ujumbe wa Emily, mwalimu wa kule kisiwani. Bahari ilikuwa imepanda tangu mchana na kufurika hadi kisima cha shule. "Taa ni ya kijani, lakini maji yananichoma ulimi. Binti yangu anataka kumkorogea mtoto wake maziwa. Anasema taa haikosei. Nifanye nini?"

Taa haikosei. Maneno hayo yalikuwa ya Kendi mwenyewe. Mwaka uliopita alisimama kando ya kisima hicho akawaambia kina mama waache kuonja maji, waitazame taa. Walimcheka kwanza, kisha wakamwamini.

Alimwandikia Emily asiyaguse maji, kisha akamvuta pembeni Ronnie, mtaalamu wa ramani.

"Nani ameifungia ramani kwenye kijani?"

"Boss. Alisema leo hataki kuona doti nyekundu hata moja. Nikaiweka kwa data ya mwezi uliopita. Ni ya show tu."

"Ronnie, taa ya kisimani inachukua rangi yake kwenye ramani hiyo hiyo."

Ronnie aligeuka kuitazama ramani. Hakujua. Katika ofisi yao ya Abu Hamour watu wa ramani walikaa upande mmoja wa ukuta, watu wa taa upande wa pili, na walikutana siku za keki za bethidei. Kendi alitamani kuubomoa ukuta huo kwa kichwa cha mtu.

Njenga, mkubwa wao, alimsikiliza huku akiwachekea wageni. "Ni nusu saa tu. Wakienda tea break, tunafungua."

"Kule saa hii ni jioni. Ndio wanateka maji ya usiku. Kuna mtoto mchanga, boss."

"Si umwambie huyo mama?"

"Nimemwandikia, hajasoma. Na wale wengine, nani atawaambia?"

"Kendi, usinichomee mbele ya wageni. Hii project ikifa leo, hao watu wako watabaki bila hata hiyo taa. Khalas, yameisha."

Hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba huenda alikuwa anasema kweli. Njenga alipanda jukwaani akaanza kueleza jinsi teknolojia inavyosikiliza visiwa vidogo. Inasikiliza! Kendi alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ramani. Ronnie alimtazama, kisha akasogeza kiti chake kumpisha. Kendi akaifungua ramani ipokee data ya leo.

Kisima cha shule kiligeuka chekundu. Kikafuata cha kanisani, na cha tatu. Njenga alikatiza sentensi katikati.

"Bahari imeingia visimani," Kendi aliwaambia wageni. "Hizi ndizo rangi za leo. Mlizopiga picha ni za mwezi uliopita."

Njenga hakupiga kelele. Alishuka, akamwambia taratibu akachukue vitu vyake ofisini.

Simu ililia akiwa kwenye korido. Emily alikuwa ameandika: "Taa imegeuka. Nimemwaga maji yote. Lakini mtoto alikuwa ameshakunywa, anatapika, tuko njiani kwenda zahanati. Kesho ikiwa ya kijani, tuiamini?"

Kendi aliandika maelezo marefu: ramani, data, wageni, samahani. Aliyasoma, yakamchefua, akayafuta yote. Alisimama pale na kadi ya kampuni ikiwa bado inaning'inia shingoni, machozi ya hasira yakimtoka. Kisha akaandika tena.

"Onjeni kwanza."